Asiyejibu Amekataa

Katika miaka niliyokuwa katibu wa chama chetu cha wanahistoria, watu waliokuwa wakinishinda kwa kura walikuwa wamekufa. Sisemi mafumbo. Majina yao yalikuwa bado kwenye daftari la wanachama, barua za mwaliko walitumiwa kama wengine, na katiba yetu ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba mwanachama asiyefika mkutanoni wala kujibu barua, ahesabiwe amekataa. Maiti hajibu barua. Kwa hiyo kila mwaka tulipojaribu kubadili kanuni ya kuingiza wanachama wapya, sisi tulio hai tulinyoosha mikono ukumbini Moshi mjini, na wafu wakatushinda wakiwa wamelala makwao.

Mtu atauliza kwa nini hatukuwafuta. Mgeni ndiye anayeuliza hivyo. Kwetu mlimani mtu akifa haondoki nyumbani. Anazikwa pale pale kwenye kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba aliyoipalilia, na jambo lolote linalomhusu linapelekwa kwanza nyumbani kwake likasemwe. Kumfuta mzee kwa kalamu, umekaa ofisini na kikombe cha chai, hakuna aliyekuwa tayari. Maprofesa wazima wenye shahada za ng'ambo, kila nilipoleta hoja hiyo walitazama viatu vyao. Mwenyekiti alisema tuahirishe. Tukaahirisha mwaka hadi mwaka, wafu wakaongezeka, hadi wakapita theluthi ya daftari. Hapo hata walio hai wote tungekubaliana, theluthi mbili zilizotakiwa zisingepatikana.

Kanuni yenyewe ilisema mwanachama lazima awe na shahada ya chuo kikuu. Nilitaka tuongeze: au awe amefanya utafiti unaoonekana kwa miaka isiyopungua kumi. Sentensi moja tu. Niliitaka kwa ajili ya mtu mmoja, na sikuficha.

Mtu huyo ni mama wa Kirua Vunjo, wakati huo ana miaka sitini na kitu, elimu yake darasa la saba. Anafuga ng'ombe wawili wa ndani na kuuza maziwa. Kwa miaka thelathini alikuwa msaidizi wa mwanzilishi wa chama chetu, mzee aliyejulikana kwa kuandika habari za mifongo, ile mifereji ya kale inayoshusha maji kutoka msituni hadi mashambani. Mzee aliuliza maswali. Yule mama alibeba kinasa sauti, akatafsiri Kichagga cha wakongwe, akapanda na kushuka makorongo akipima kwa hatua. Mzee alipofariki, mama alibaki na ramani aliyoichora mwenyewe ya mifongo ya Vunjo, inayotiririka na iliyokauka, pamoja na habari za ukoo uliochimba kila mmoja.

Jarida letu lilichapa kazi za wanachama tu. Wenzangu wawili walijitolea kumchapishia kwa majina yao, yeye wamtaje kwenye shukrani. Aliwakatalia kwa upole. Alisema shukrani ameshapata za kutosha. Kila Januari alishuka mjini na fomu yake ya maombi, ameijaza vizuri, na kila mwaka nilimrudishia. Mwaka ninaousimulia, macho yalikuwa yameanza kumwacha. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na daktari alimwambia la kulia linafuata. Alichotaka ni kuiona kazi yake imechapwa, jina lake juu, angali anaweza kulisoma mwenyewe.

Mimi nina hasira za karibu. Marehemu mama yangu alisema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Nilisimama kikaoni nikasema kama hakuna wa kwenda, nitakwenda mimi, nyumba kwa nyumba, nikawaage wafu wenu. Watu walicheka, lakini si sana. Ikakubaliwa kwamba familia ikitia sahihi, jina litaondolewa. Ila watatu waliokuwa wanafunzi wa mwanzilishi walisema hawatanyoosha mkono mpaka nyumbani kwa mzee paambiwe, naye mwenyewe akubali, kwa sababu kanuni ya shahada aliileta yeye. Bila mikono yao mitatu tusingefika. Niliwauliza maiti anakubali vipi. Walinijibu kwamba nyumbani kwake watajua.

Nikamwomba yule mama anisindikize, maana njia zote na milango yote aliijua yeye. Tulibeba sukari na mikate, mkono mtupu haulambwi. Tulianzia mjini, kwa familia ya Kiislamu, ambako mtoto mkubwa wa marehemu, fundi cherehani, alituambia kwamba baba yake alishamaliza habari za dunia. Alisoma dua, akatia sahihi, akatuagizia kahawa. Chekereni, katikati ya majaruba ya mpunga, binti wa marehemu alituletea barua zetu zote zimefungwa kwa kamba ya katani, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nilimuuliza kwa nini. Akashangaa swali langu, akasema si zake. Nilicheka njia nzima ya kurudi.

Mlimani sikucheka. Nyumba ya kwanza huko tulikuta viti viwili vimetolewa nje, vimeelekezwa kaburini. Hatukuwa tumepiga simu. Mwenye nyumba alisema alijikuta tu amevitoa asubuhi, hakujua anamtolea nani. Nyumba ya pili barua zetu zilikuwa juu ya kaburi chini ya jiwe, moja juu ya nyingine, na mvua za miaka zilikuwa zimezishikanisha zikawa kitu kimoja kama mkate. Mimi ni Mlutheri mwenye kipaimara changu, sisemi na makaburi. Lakini kufikia nyumba ya tano nilikuwa nimezoea kusimama, kuinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mzee. Tumekuja kukuaga kwenye chama." Na kila baada ya shikamoo nilijikuta nanyamaza kidogo, nasubiri kuitikiwa. Yule mama aliliona hilo akanitania kwamba Katibu ameanza kusikia. Sikuupenda utani ule.

Kwa mwanzilishi tulikwenda mwisho. Nyumba yake iko juu kabisa, karibu na msitu, na ingawa ilikuwa saa nane mchana ukungu ulikuwa umeshuka kwenye migomba hata zizi lilionekana nusu. Mjane wake alitupokea. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba mwanangu, kisha akamgeukia mwenzangu na kumuuliza habari za yule ndama mgonjwa, kama mtu waliyeonana juzi. Nilishtuka. Mama hakuwa amenieleza kwamba bado anakwenda pale.

Bibi alisikiliza haja yetu mpaka mwisho. Akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti la bati, akaniwekea mapajani. Ndani zilikuwa barua zetu zote tangu mzee azikwe, za miaka saba. Hizi zilikuwa zimefunguliwa, zimechanwa kwa kisu ukingoni, zimenyooka, jinsi mzee alivyokuwa akifungua barua. Ndani ya kila bahasha kulikuwa na karatasi ya kura, imejazwa. Hapana. Hapana. Hapana. Mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko wa mzee.

Mwandiko ule niliujua. Kila mtu chamani aliujua, herufi zilizolalia kulia na mikia mirefu. Tuliusoma kwenye madaftari yake ya utafiti, kwenye barua zake, hata nakala ya kwanza ya katiba ilikuwa kwa mwandiko huo. Niliuliza nani ameandika, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Bibi alimtazama mwenzangu. Naye akachukua karatasi moja, akaisogeza karibu na jicho lake la kulia.

"Ni mimi," alisema. "Mwandiko huu ni wangu. Mzee hakupenda kushika kalamu. Alikuwa anasema, mimi naandika."

Ilinichukua muda kuelewa. Yale madaftari tuliyoyaheshimu, zile barua, kile kifungu cha shahada kilichomfungia mlango, vyote vilikuwa vimepita mkononi mwake. Akanieleza bila haraka. Kila mwaka barua yetu ilipofika, Bibi alimwita. Alikuja, akaifungua kwa kisu cha mzee, akaisoma kaburini kama walivyozoea, akauliza swali, akaandika jibu. Hakuna aliyeipeleka posta kwa sababu mzee hakuwa amesema ipelekwe.

Nikamwambia amejinyima mwenyewe, miaka saba anaandika hapana ya kujifungia nje.

"Ndivyo alivyosema."

"Kaburi halisemi, mama."

"Nimemsikiliza miaka thelathini, Katibu. Najua anavyonyamaza akikataa, na anavyonyamaza akikubali. Siwezi kuandika ambacho hakikusemwa."

Hapa nasimulia kitu ninachokionea aibu. Niliogopa, na kwangu hofu hutoka ikiwa hasira. Nilimvuta pembeni, kwenye mfongo unaopita nyuma ya nyumba, nikamwambia kwamba leo atauliza tena na ataandika ndiyo. Nani atajua? Nikamwambia macho yake hayamsubiri mzee. Nikamwambia nimepanda mlima huu kwa ajili yake, na asinirudishe na karatasi ya nane. Aliniacha nikamaliza.

"Ndivyo mnavyofanya nyinyi wenye shahada?" aliuliza. Hakuwa ananisuta, alitaka kujua.

"Wakati mwingine," nilisema.

Bibi alikata jani la masale kwenye ua, akalipiga fundo, akampa. Kwetu anayekuja na jani hilo anaomba asirudishwe bila kusikilizwa. Yule mama aliliweka juu ya marumaru ya kaburi, akafungua barua ya mwaka huo niliyokuja nayo, akaisoma kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kichagga, taratibu, akiikaribia karatasi mpaka pua iliigusa. Kisha akasimama kusubiri.

Wakati wote huo maji ya mfongo yalikuwa yanasikika. Yakakatika. Najua maji yale huenda kwa zamu, na kwamba mtu huko juu alikuwa ameziba ili ayageuzie shambani kwake. Najua hivyo vizuri. Lakini yalikatika aliponyamaza yeye, na katika ukimya ule hata ng'ombe waliacha kucheua. Na mimi nikasikiliza, Mungu anisamehe. Sikusikia sauti. Nilisikia uzito, ule unaousikia ukimuuliza kitu mtu aliyekaa karibu nawe, naye ameshaamua. Sikuwahi kuzungumza na mzee yule zaidi ya mara tatu maishani mwake, lakini nilielewa. Haikuwa ndiyo.

Yule mama alichuchumaa, akaandika juu ya goti lake, akakunja karatasi mara mbili akanipa. Hakunitazama. Niliifungua nilipofika chini kwenye lami, peke yangu. Ilisema ndiyo, kwa mwandiko ule ule.

Mkutano mkuu ulifanyika wiki mbili baadaye. Majina ya wafu yalisomwa na kuondolewa, tukasimama kimya kwa dakika moja. Kisha nikawapa wale watatu karatasi. Waliipokezana, wakaugeuza mwandiko kwenye mwanga, na mmoja wao, mwanamume wa miaka sabini, akafuta machozi. Walisema ni mwandiko wa mwalimu wao, hauna shaka. Hakuna aliyeuliza maiti anashikaje kalamu. Nilikaa pale nikiwa na jibu mdomoni, nikaona mikono yote mitatu inapanda. Kanuni ikabadilika. Mama aliingizwa alasiri hiyo hiyo, akapigiwa makofi, akatia sahihi kwenye daftari. Mhariri wa jarida akamtengea kurasa.

Kazi haikuja. Nilipiga simu, akasema bado. Mwezi wa tatu tangu mkutano nikapanda Kirua. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe, anayapapasa kwanza kwa mkono wa kushoto ndipo panga linafuata. Ramani ilikuwa ndani, imekunjwa mezani, imekwisha zamani. Nilimuuliza anangoja nini, kwa sababu tulijua wote wawili kwamba jicho halingoji.

Alisema hana cha kuchapa. Habari za mifongo yote ile aliziandika kwa kusikia, na waliomsimulia karibu wote wamekufa. Mtu akimuuliza amejuaje, siku zote alikuwa na jibu moja, kwamba aliandika kilichosemwa, basi. Sasa atamjibu nini? Nilimwambia lilikuwa neno moja tu, herufi tano. Nilimwambia chama kizima kinamsubiri. Nikasema na mengine, mimi huwa sikosi la kusema.

Aliweka panga chini.

"Wewe ulikuwepo," alisema. "Siku ile alisema nini?"

Nilitaka kumwambia alisema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na lingempa kurasa zake na jina lake juu, bado jicho lina mwanga kidogo. Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, amenigeuzia sikio, kama alivyosimama kaburini, na nilihisi kila kilichomo ndani yangu kinasikika. Sikusema kitu. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekwisha kuandika jibu, akapapasa panga lake akaendelea kukata majani.