Siku Niliyomwomba Binti kwa Sauti ya Imla

Siku ile tuliyokwenda Nyamyumba kumwombea mdogo wangu Faustin mchumba haijanitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, tumesharudi Gisenyi kutoka Goma, na baba yetu ameshafariki. Kwetu msemaji wa familia ndiye anayeomba binti mbele ya wazee wa upande wa pili, na akiboronga, mnaweza kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilikuwa mwalimu, basi nikajiona nimefika, hata mazoezi sikufanya.

Nikasimama na karatasi yangu. Miaka sita nilikuwa nikiwasomea watoto imla, na sauti ikajiendea huko huko: polepole, kila sentensi mara mbili, bila kupanda wala kushuka. Wazee wakaanza kuongea wao kwa wao. Faustin akainamisha kichwa. Baba wa binti akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, tuandike? Mi sina bic."

Walicheka mpaka machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kisha baba huyo akasema, "Bon, mutarudi siku ingine, na mutu wa kuongea."

Shangazi yetu, aliyeketi nyuma yangu, akanivuta koti. "Weka ile karatasi. Muzee iko mbele yako. Muombe mutoto wake."

Nikaomba radhi, nikaomba kuanza upya. Nilianza chini, kama ninayeongea na mzee peke yake. Nilipomtaja baba yetu, sauti ilikatika; sikuilazimisha, nikanyamaza mpaka iliporudi. Kwenye ng'ombe wa mahari tuliyemwahidi nikaipandisha, nikamsifu kwa mbwembwe zote, wazee wakapiga makofi. Jina la binti, Vestine, nikalitamka taratibu, nikanyamaza tena.

Safari hii hakuna aliyenong'ona. "Sasa nimesikia mutu," mzee akasema. "Ni mutoto wenu, mumuchukue."

Aisee, nilivyoshusha pumzi! Nikaketi kwenye kiti cha mtu mwingine. Faustin alinikumbatia akilia, nami nikalia bila aibu.

Basi, mwanangu, ukisimama kuongea, mtazame unayemwambia. Neno la huzuni usilikimbize, la furaha usilibane kooni, na ukifika penye jambo lenyewe, nyamaza kidogo watu walipokee. Ukiharibu, omba kuanza upya. Mungu akujalie sauti inayotoka moyoni, na siku utakapoomba jambo kubwa, akupe mtu wa kukuitikia.