Redio ya baba mkwe inashika chumbani kwangu tu

Leo tumekula ugali ulioungua na siombi mtu msamaha.

Baba mkwe amekuja kwetu Kibomet na redio yake mpya ya dijitali. Alitaka kusikia tangazo la kifo cha mdogo wake wa Tongaren. Mzee mwenyewe ndiye aliyeliandika.

Sebuleni ni krrr tu.
Inashika chumbani kwangu. Na si mnajua, mzee wa Kibukusu haingii chumba cha mke wa mtoto wake!

Basi yeye nje kwa kiti, mimi ndani dirishani nimeshika eriali. Nikiachilia, sauti inapotea.

"Shikilia hapo hapo, mama."

Tangazo likaanza. "...baba mdogo wa Nafula, Nekesa na Wambui."

Nafula na Nekesa ni mabinti wa kuzaa wa baba mkwe.
Wambui ni mimi.

Ugali nao ukaanza kunuka jikoni.
Semeni ukweli, nyinyi mngeachilia?