Jani la Mgomba Zahanatini

Leo mkwe wangu amebabua jani changa la mgomba motoni ili afunikie sufuria ya ndizi, na harufu yake ikanirudisha kwenye benchi la zahanati, mguu wangu ukiwa juu ya mapaja ya mama.

Nilikuwa na kidonda cha muundi kilichovuka mavuno mawili ya kahawa bila kufunga. Kila asubuhi muuguzi alikisafisha kwa maji ya chumvi na kukifunga bandeji. Kesho yake bandeji ilikuwa imegandamana na kidonda, na akiibandua, nyama changa inaondoka nayo.

Siku hiyo mama alitoa kikapuni jani laini lililobabuliwa.

"Mama, hilo ni la kufunikia ndizi," muuguzi alicheka. "Unataka kumpika mtoto?"

"Wewe unamchuna, mwanangu. Safisha kwa dawa yako, nakushukuru. Kufunika nitafunika mimi."

"Nikikataa?"

"Nitakaa hapa. Nimekuja na uji wangu."

Akakaa kweli. Alisali rozari kwa sauti, wagonjwa wakaitikia, mpaka muuguzi akanyoosha mkono.

"Lete. Lakini nalichemsha kwanza."

"Chemsha, Mungu akubariki."

Namshukuru Mungu kwa ukaidi ule. Kesho yake nilifumba macho nikisubiri maumivu, lakini jani lilitoka lenyewe, na nyama nyekundu ikabaki mahali pake. Muuguzi aliinama akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "kesho ulete mengi. Yule mzee wa pale mwisho wa benchi naye hulia nikibandua bandeji."