Nakala Nne za Kitabu cha Pili

Chumba cha Mama Gundi kiko nyuma ya maktaba, kati ya choo cha wafanyakazi na stoo ya viti vibovu. Kina dirisha moja, meza ndefu iliyoliwa na visu, kibanio cha chuma kizito cha kukandamizia vitabu, na ile harufu iliyompa mwenyewe jina. Kwa miaka ishirini na sita ameshona humo vitabu vilivyochanika. Wakubwa wa maktaba wamekuja na kuondoka, kompyuta zimeletwa zikafa, yeye yupo na sindano yake.

Kuna ujuzi mmoja ambao hakufundishwa na mtu, ulimjia kwa kushika tu. Hufungua kitabu asichowahi kukisoma akakwambia watu wamekisomaje. Kinachopendwa huvunjika mgongo mahali pamoja, pale wasomaji wanaporudia rudia. Kinachosomwa kwa lazima huchafuka mwanzoni na mwishoni, katikati kikabaki cheupe kama siku kilipotoka kiwandani. "Vitabu vya sheria vina vumbi," husema, "na vya mapenzi hurudi bila jalada."

Binti yake wa pekee alilelewa chini ya meza ile. Alipokuwa na miaka minane alimletea mama yake kitabu kilichofunguliwa, kidole kikiwa juu ya ukurasa uliokunjamana kwa unyevu. "Mama, huyu alilia hapa." Mama Gundi alimsimulia kila aliyeingia chumbani siku ile, hadi fundi bomba.

Binti akakua, akawa mwandishi. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha vijana: fundi cherehani wa kike, miaka kumi na saba, anampenda kijana asiye na kivuli, kijana wa upande wa pili, wa mizimu, anayeonekana mvua inaponyesha tu. Msichana hakukaa kulia. Alitwaa sindano, akaanza kumshonea mpenzi wake kivuli, kipande kwa kipande. Wasichana wa shule walikigombania. Nakala nne za maktaba Mama Gundi alizishona upya mara saba, na kila mara alipiga mluzi.

"Mwanangu ananitafutia kazi," alimwambia mkutubi.

"Afadhali wako," mkutubi akajibu. "Wangu ananitafutia presha."

Kitabu cha pili kilifuata baada ya miezi kumi tu, jalada lina dhahabu. Mama Gundi alikisoma siku kilipotoka, akakisifu kama mama yeyote. Nakala nne ziliwekwa rafuni, wiki ya kwanza zikachukuliwa zote kabla ya saa nne asubuhi. Wiki ya pili zilikuwa zimerudi. Akaibeba ya kwanza hadi dirishani. Alama za vidole zilifika ukurasa wa hamsini na nane, kisha weupe mtupu. Ya pili, sitini na moja. Ya tatu, hamsini na tisa. Katika ya nne mtu alikuwa ameacha karatasi ya peremende ukurasa wa hamsini na tisa, na ilikuwa bado pale pale, kama kibao cha "barabara imefungwa".

Jumapili binti alikuja kula kwa mama yake. Alikula kidogo.

"Gazeti linasifu, mchapishaji anasifu, mashoga zangu wananisifu kwa sauti ya kumpa mtu pole," alisema. "Siamini mtu, Mama. Naamini meza yako. Jumamosi nakuja kuziona zile nakala. Kama hazisomwi, cha tatu siandiki. Kuna ofisi inatafuta karani."

"Karani wewe? Utawaandikia barua za mizimu."

Binti hakucheka. Na Mama Gundi alimjua mwanawe: neno lake halisemi mara mbili.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alifunga mlango kwa ufunguo, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Aliviharibu vitabu. Aliibana nakala ya kwanza kwenye kibanio akauvunja mgongo wake ukurasa wa mia na hamsini. Alikunja ncha za kurasa. Alipaka kidole gumba masizi ya birika, akakipitisha ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho, na kwenye ukurasa wa mia mbili na tatu akadondosha matone matatu ya maji, mahali ambapo mtu angelia. Akafanya hivyo mara nne.

Jumamosi binti aliingia, akaketi kwenye kigoda chake cha utotoni, akafungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Akainusa.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Hawa wasomaji wote wana kovu kwenye gumba la kulia?"

Mama Gundi akauficha mkono chini ya aproni. Kovu lile alilipata shazia, ile sindano nene ya kushonea migongo ya vitabu, lilipomchoma mwaka binti alipozaliwa.

"Na mgongo huu umevunjwa na chuma," binti akaendelea taratibu. "Mkono wa msomaji huvunja kitabu upandeupande. Chuma huvunja kwa mstari mmoja ulionyooka. Wewe ndiye uliyenionyesha."

Aibu ilimpanda Mama Gundi hadi masikioni. Lakini chini ya aibu ile kitu kingine kilikuwa kikifura, hakikuzuilika. Mkutubi mwenye shahada zake mbili asingegundua. Hakuna mtu katika jengo lile ambaye angegundua, ila huyu aliyemlea chini ya meza.

"Waliachia wapi?" binti akauliza.

"Hamsini na nane. Hamsini na tisa."

"Basi." Alianza kuinuka.

"Kaa. Nikuulize kitu kimoja. Sindano yake iko wapi?"

"Sindano ya nani?"

"Ya yule binti wako. Kwenye cha kwanza hapumui bila sindano. Kwenye cha pili, kijana anaitwa na watu wake, yeye anaitia sindano kwenye kopo ukurasa wa hamsini na nane, basi, anakaa dirishani kurasa mia mbili akishusha pumzi. Mtu mwenye ufundi mikononi? Baba yako alipoondoka, mimi nilishona kamusi nzima."

Binti akacheka, kicheko kilichotokea puani na machozi pamoja.

"Waliniambia wasomaji wanataka mapenzi. Nikaondoa kazi ili mapenzi yapate nafasi."

"Ukaacha dirisha."

"Nikaacha dirisha." Akajifuta uso kwa kiganja, akavua koti. "Nipe uzi. Kwanza tuwatibu hawa uliowapiga."

Walizishona nne zote, wameketi bega kwa bega. Mishono ya binti ilikuwa bado imenyooka.

"Na ule ukarani?" Mama Gundi akauliza, macho yakiwa kwenye uzi.

"Wameshapata mtu, nadhani. Nawaonea huruma, wangenipata mimi."

Cha tatu kilichukua miaka miwili. Wiki tatu baada ya kufika maktaba, mkutubi aliingia chumbani amebeba nakala moja kwa mikono miwili. Haikuwa na jalada. Mgongo ulikuwa umevunjika upandeupande ukurasa wa mia na kumi na mbili, pale msichana anapovuka upande wa pili, sindano mdomoni, kwenda kummalizia kijana kivuli chake.

"Mgonjwa wako," mkutubi akasema.

Mama Gundi alikiweka kitabu katikati ya meza. Siku ile hakukigusa, wala ya pili, na siku ya tatu vitabu vingine vilishonwa pembeni, mezani pakiwa pamebana.

"Hiki hukishoni?" mkutubi akauliza. "Wasichana wanakisubiri."

"Kesho," alisema. "Mwenyewe anakuja leo saa kumi. Acha akione hivyo hivyo."