Nilivyokimbia Kimyakimya hadi Machimbo ya Vitengeni

Safari hii ililetwa na mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani hapa Mambrui, na tangu daktari aniambie nipunguze kitambi, hukimbia ufukweni kila baada ya sala ya alfajiri. Siku moja nikajigamba barazani kwamba hakuna njia itakayonishinda. Jirani yangu Athumani akacheka hadi chai ikampalia.

"Wewe wakimbia kwenye mchanga ulolala," akasema. "Nenda Vitengeni, kwenye machimbo ya kale. Ukikimbia hadi kule bila kusimama, ndipo uje utupigie domo."

Nikaapa nitakwenda. Mke wangu Zuhura aliponiona natia viatu vyangu vyekundu mkobani, aliuliza kama naumwa.

Alhamisi asubuhi niliondoka, nikapitia Kilifi hadi Ganze, na kutoka hapo nikapanda bodaboda. Minazi ilizidi kupungua, ikabaki miiba, vumbi jekundu na mbuzi wanaotafuna vitu ambavyo mimi sikuviona. Watu wa huko huiita nyika. Kwa mtu wa Mambrui, hilo ni jangwa, na nisibishiwe.

Alasiri nilifika Vitengeni kwa mwenyeji wangu, Sidi, mteja wangu wa miaka mingi anayeuza sokoni madera ninayoshona. Alinipakulia sima na mboga chungu, akanieleza kuhusu machimbo. Zamani, enzi za ukoloni, wazungu walichimba hapo madini ya risasi, na babu yake alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe. Sasa yamebaki mashimo tu.

"Nyumba ya mwisho, karibu na mashimo, ni ya mama," akasema. "Pita umsalimie, Fundi. Hana raha. Ndugu yangu Kahindi yuko Migori, anachimba dhahabu. Miezi mitatu sasa hapokei simu zetu. Mama akisikia tu kuna shimo limeporomoka mahali, hali wala halali."

Nilimwahidi nitapita. Hakuniuliza nitakwenda kwa mwendo gani, nami sikumwambia.

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilianza mbio. Njia ilipanda taratibu kando ya korongo jekundu, na jua lilipochomoza, vijiwe vya njiani vikaanza kumetameta. Nilifurahi peke yangu kama niliyepata zawadi. Kwenye boma la kwanza palikuwa na bwana anayefunga mbuzi. Nikiwa nabana pumzi, sikutamka neno, nilipita tu nikitazama mbele. Bwana yule akaiacha kamba, akanifuata. Boma la pili, wanawake wawili wakatua madumu yao ya maji, nao wakafuata. Nilipopita boma la nne, nyuma yangu kulikuwa na watu kama ishirini.

Lo, nikasema moyoni, watu hawa wanapenda michezo! Nikawapungia mkono. Hakuna aliyenijibu, na mama mmoja alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikadhani anastaajabia kasi yangu.

Machimboni nilikuta mashimo yaliyozibwa kwa miiba, vyuma vilivyoliwa na kutu, na kilima cha mawe yaliyotolewa ardhini. Mama yake Sidi alikuwa anafagia uwanja wake. Nikakumbuka ahadi yangu, nikasimama mbele yake, nikainama nimeshika magoti. Nilitaka kusema shikamoo, lakini nilihema tu.

Alinitazama mimi, akautazama umati, ufagio ukamponyoka.

"Ni Kahindi," akasema.

Akaketi mavumbini. "Mayo wee! Mwanangu!" Na wanawake wote wakaangua kilio.

Yule bwana wa mbuzi, Charo, akanishika mkono. "Sema basi! Shimo limemwangukia?"

"Limemwangukia nani?"

"Kwani wewe hukuleta msiba?"

"Nimekuja... kufanya mazoezi."

Kilio kikakatika. Charo akanieleza polepole, kama mtu anayejizuia asinizabe kofi. Kwao, mtu mzima hapiti mbio mbele ya watu bila kuwasalimu, isipokuwa amebeba habari ya kifo. Huyo hasemi na yeyote mpaka afike kwenye nyumba yenye msiba. Kila boma nililolipita lilishukuru Mungu kwamba msiba si wake, kisha likafuata ili likalie na wenzao. Nilitamani shimo mojawapo linimeze.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nimetumwa na Sidi nije kukusalimu. Sina habari yoyote ya Kahindi."

"Basi yu hai?"

"Sijui, mama," nikasema, na sijapata kusema neno zito kama hilo.

Alikataa kuinuka. Charo akasema simu hushika juu ya kile kilima cha mawe tu, kwa hiyo sote tukapanda, mama akishikwa huku na huku. Charo alipiga, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga kwa simu yangu, namba ambayo Kahindi haijui, nikaweka sauti ya juu.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Mama aliishika simu kwa mikono yote miwili. "Kahindi?"

"Mama? Kuna nini?"

"Nimeshakulilia, mwana we! Watu wamejaa hapa matangani kwako, nawe waniuliza kuna nini?"

Kahindi akasema kwamba hajapata dhahabu hata ya kujaza ukucha, na aliona haya kupiga simu mikono mitupu.

"Nani kakuomba kitu?" mama akauliza. "Nilitaka sauti."

Nililia waziwazi, na Charo pia, ingawa yeye alisingizia vumbi.

Kurudi sikuruhusiwa kukimbia. Mama mwenyewe alinisindikiza, amenishika mkono, akiniingiza kila boma nisalimie, niseme jina langu na kwetu, na nieleze kwamba hakuna aliyekufa. Tulifika njia panda ya sokoni adhuhuri. Athumani nimemkubalia kwamba nimeshindwa, kwa kuwa nilisimama. Lakini nimejifunza kwamba miguu yangu si yangu peke yangu, na kwamba pumzi ya kwanza ni ya salamu.

Pale njia panda mama aliniachia mkono, akavitazama viatu vyangu vyekundu.

"Mwezi ujao uje ukimbie tena, mwanangu," akasema. "Huenda Kahindi akapokea simu tena."