Pole ya Anna

Harufu ya iliki kwenye mafuta ya moto, mpaka leo, hunirudisha Mtaa wa Narung'ombe, barazani kwetu, mama akigeuza vitumbua kwa kijiti huku akiwatania wateja. Kariakoo ya enzi za Ujamaa ilikuwa na foleni ya kila kitu, sukari, sabuni, hata kanga, lakini salamu hazikupangiwa foleni. Mtu alikuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mguu wa bibi, kisha akasimama kusubiri majibu. Pole nazo zilikuwa za kumwaga: pole na jua, pole na kazi, pole na safari. Ukipewa pole unajibu nimeshapoa, hata kama hujapoa. Ndivyo tulivyolelewa.

Halafu nikaingia sekondari. Loo! Shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, tukaimba kwamba ndiyo lugha yetu ya kujivunia, kumbe kidato cha kwanza lugha hiyo inaachwa getini. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikayaoga. Lakini Kiingereza kilinivuruga. Tulifundishwa salamu inayouliza hali yako, na jibu lake ni kuirudisha vilevile bila kuitaja hali yenyewe. Sasa hapo wameulizana nini? Siku moja nilimkuta mwalimu wetu amebeba mzigo wa madaftari juani, nikatafuta neno la kumpa pole, nikamwambia sori. Akanikazia macho, akataka kujua nimemkosea nini. Tangu hapo nikaliogopa neno lile, nikaona ni la wakosaji.

Kilichotutesa zaidi ni kibao. Kilikuwa cha mbao, kina kamba ya katani, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mvaaji ni punda. Aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa, na hakikumtoka shingoni mpaka amnase mwenzake akisema japo neno moja, ndipo amvike yeye. Mwenye kibao hakuwa na la kupoteza, kwa hiyo alizungumza Kiswahili apendavyo ili awatege wengine. Aliyebaki nacho kengele ya mwisho ikilia alichapwa mstarini, mbele ya shule nzima.

Masika yakielekea kwisha, mama aliugua tumbo, akapelekwa hospitali, hakurudi. Nyumba ilijaa watu, mikeka ikatandikwa mpaka barabarani. Matanga yalipoanuliwa baba akanirudisha shule. Nilitaka kitu kimoja tu, wenzangu wanipe pole. Wakapita. Mmoja aliinamisha kichwa, mwingine akajifanya anafunga kiatu. Nilijua wanaogopa kibao, na Kiingereza cha msibani hakuna aliyetufundisha, lakini iliniuma, iliniuma sana, kuona mama yangu amekufa na shule nzima haina neno.

Aliyekuja ni Anna, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Vitumbua vya mama alivila vya kutosha, mama akimtania kuwa watu wa Songea hawashibi. Alinikuta kwenye bomba la maji, akanishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole, Mwajuma," akasema.

"Nimeshapoa," nikajibu, kama nilivyolelewa.

Akaingiza mikono kwenye kola ya shati lake, akakitoa kibao. Machozi yalimtoka, na bado alinivika. Sikumtafuta mtu wa kumwachia. Jioni nilichapwa, na fimbo zenyewe sizikumbuki.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wenzangu. Mimi sikuweza kusema hivyo moja kwa moja. Anna naye alikuwa mtoto, na jana yake alikuwa amechapwa. Ila mpaka leo sijui kama pole ile ilikuwa ya mama yangu au ya kibao.

Siku hizi Narung'ombe ni maghorofa na fremu za maduka. Wajukuu zangu wanachanganya Kiingereza na Kiswahili watakavyo, wanasema sori hata wakipitisha sahani, na hakuna anayewavika kitu. Nawaonea wivu kidogo, nisiseme uongo. Mwaka jana nilifiwa na mume wangu. Anna alikuja, mzee mwenzangu sasa, amejitanda kanga, akaketi kwenye mkeka ubavuni mwangu.

"Pole, Mwajuma," akasema.

Wanawake wote wakasubiri nijibu. Mimi nikaangalia kwanza mikono yake.