Kitambaa Begani mwa Njura

Kwa miaka thelathini na minane Njura alikuwa weita wa hoteli moja mjini Embu, na kazi yake kubwa haikuwa kubeba sahani. Ilikuwa kujua nani asimwone nani akitafuna. Enzi hizo mwanamume mwenye adabu hakula mbele ya mama mkwe wake, wala hakumtazama mama mkwe akila. Siku hizi wanapiga picha naye wamekumbatiana, na sahani katikati. Lakini enzi hizo, nyuma ya hoteli palikuwa na chumba chenye pazia la kijani. Njura akimwona mama fulani akija kutoka sokoni, alihamisha kitambaa chake kutoka bega la kushoto hadi la kulia. Mkwe wa mama huyo aliinuka na supu yake, akapotelea nyuma ya pazia. Hakuna aliyewahi kuaibika mikononi mwa Njura.

Baada ya korona, kaunti ikaruhusu hoteli ziweke meza barabarani, pale magari yalipokuwa yakiegeshwa. Misheck, aliyeachiwa hoteli na baba yake, akapanga meza sita ndani ya mistari myeupe, akaongeza miavuli na maua ya plastiki. Watu wazima wakaketi mahali pa pikapu, mji mzima ukiwatazama kooni.

"Mzee," Misheck akamwambia Njura, "Jumatatu fundi anabomoa kile chumba cha nyuma. Nani anataka kula gizani? Na wewe uende nyumbani ukapumzike. Umechoka."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Magoti yako. Nayasikia kutoka kaunta."

Njura akalitazama pazia la kijani. Chumba kile ndicho kilichokuwa kazi yake. Bila hicho alikuwa mzee wa kubeba chai tu, na chai hata kijana anaweza kubeba.

Ijumaa, siku ya soko, Misheck mwenyewe akaketi meza ya mbele kabisa ili aonekane. Akaagiza mbuzi choma. Njura akamletea ubavu mrefu kuliko yote jikoni. Misheck alipoung'ata tu, Njura akamwona Wambeti akija na kiondo mgongoni. Huyu Wambeti ndiye aliyemzaa Njoki, mke wa Misheck.

Mkono wa Njura ukapanda wenyewe kuelekea begani. Akaushusha. Kitambaa kikabaki kushoto.

Misheck akainua macho. Usasa wote ukamtoka. Akaingia chini ya meza na ubavu wake, mwavuli ukaanguka, maua yakatawanyika barabarani.

Wambeti akageuka upesi, akaipa meza mgongo kama alivyofunzwa na mamake.

"Njura, hapa si mahali pa magari?"

"Ndipo, Mama Njoki."

"Na hilo lililo chini ya meza ni gari gani?"

"Ni la mwenye hoteli. Limekwama kidogo."

Wateja wakacheka mpaka chai ikamwagika. Wambeti hakucheka, alitabasamu upande usioonekana.

"Nina njaa, lakini mimi sili barabarani kama ng'ombe. Lile pazia bado liko?"

"Liko mpaka Jumatatu."

"Kwa nini Jumatatu?"

Njura akaitazama meza. Sauti ndogo ikatoka chini yake: "Mzee, mwambie litakuwepo."

"Anasema litakuwepo."

"Mwulize nani atanipakulia."

Mfupa ukaanguka.

"Mwambie ni wewe, mzee."

Jumatatu fundi akafika na nyundo, akamkuta Wambeti na akina mama watano wa kanisani wakila nyuma ya pazia. Misheck hakuweza kuingia kuwatoa, kwa sababu walikuwa wanakula. Fundi akapewa mwavuli uliovunjika autengeneze.

Meza za barabarani bado ziko, na watu bado wanatafuna hadharani bila haya. Lakini Misheck, kabla hajaketi nje, hutazama kwanza bega la Njura. Njura naye, siku akiingiwa na uchokozi, hukihamisha kitambaa hata kama hakuna anayekuja.